Msimcheke Mangungo

Juzi binti yangu wa kidato cha pili alikuwa akisoma historia kwa sauti. Alipofika kwa Mangungo wa Msovero, chifu aliyelaghaiwa na Karl Peters, akacheka. "Baba, alitia alama kwenye karatasi asiyoielewa!" Nilipandwa na hasira, si kwake, bali kwa kuwa hata sisi tulifundishwa kucheka hapohapo.

Peters huyo, Mjerumani aliyeitwa Mkono wa Damu, tunamjua kwa mikataba yake ya ulaghai ya 1884 kule Usagara. Kwao tu ndiko hatukuambiwa ni wapi. Alizaliwa mwaka 1856 Neuhaus, mji mdogo wa Ujerumani jirani na mto Elbe, baba yake akiwa mchungaji wa Kilutheri. Siku hizi mji huo na vijiji vyake ni halmashauri moja, Amt Neuhaus, yenye watu elfu chache, malisho na matuta marefu ya kuzuia mafuriko.

Sasa sikilizeni yaliyowapata watu wa huko. Eneo lile lilikuwa la Hanover, jimbo la ng'ambo ya pili, tangu zamani, ila lenyewe liko upande wa mashariki wa mto. Mwaka 1945 Waingereza waliolishika waliona tabu kulihudumia bila daraja, wakawakabidhi Warusi. Nani aliwauliza wakulima? Hakuna. Walilala upande mmoja wa dunia, wakaamkia upande mwingine. Ukaja uzio wa mpaka wa Ujerumani Mashariki na Magharibi kandokando ya Elbe, na mwaka 1952 familia zilizoonekana haziaminiki zikahamishwa kwa nguvu kutoka ukanda wa mpaka. Watu walizeeka jirani na mto wasioruhusiwa kuufikia. Walirudishwa Niedersachsen, jimbo lililorithi Hanover, tarehe 30 Juni 1993, na daraja bado hawana. Wanavuka kwa kivuko, maji yakijaa sana wanazunguka mbali.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mizani hailingani. Hakuna mtoto wa Neuhaus aliyenyongwa kwa amri ya mgeni kama Peters alivyowanyonga watu Kilimanjaro. Lakini hao walijua kusoma, walikuwa na makanisa, shule na hati za mashamba, na bado waligawiwa kwa karatasi ya wengine. Basi ujinga wa Mangungo uko wapi? Mbele yake alikuwa na mtu aliyekuja kudanganya, na nyuma ya mtu huyo dola ya Ujerumani, iliyokuja kumpa hati ya ulinzi Februari 1885.

Binti yangu alinyamaza, kisha akaniuliza Msovero iko wapi. Kwenye ramani ya kitabu chake haimo. Nikamwambia iko Kilosa, na likizo hii tutakwenda.