Malindi nayo imo

Mwandishi, katika makala yako umeieleza IXPE, darubini ya angani inayopima mawimbi ya eksirei yanatetema upande gani, kama ya Marekani na Italia tu. Mbona hukutaja kwamba data zake hupokelewa Malindi? Tena satelaiti ya kwanza ya eksirei, Uhuru, ilirushwa kutoka jukwaa la baharini huko huko, 12 Desemba 1970.

Kuhusu mustakabali wa vipimo hivi, tusidanganyane: kazi hii inakula muda. Fotoni, yaani chembe ya eksirei, huingia kwenye gesi ndani ya darubini, inang'oa elektroni, na njia ya hiyo elektroni ndiyo hudokeza mawimbi yalitetema upande gani. Fotoni moja haisemi kitu. Zinatakiwa maelfu kwa maelfu, ndiyo maana darubini hukodolea chanzo kimoja siku kadhaa. Satelaiti ya India, XPoSat, iliyorushwa Januari 2024, inapima eksirei za nishati za juu kuliko IXPE, sawa. Lakini mimi ningewekeza kwanza kwenye vioo vikubwa, vya kukusanya fotoni nyingi zaidi.