Mpira mdogo wa Siôn

Wiki iliyopita kwenye kikao cha mashairi kijana mmoja alisimama akasema vina na mizani ni pingu, na kwamba mwenye uchungu wa kweli hana nafasi ya kuhesabu silabi. Ukumbi mzima ukampigia makofi. Nilirudi nyumbani nimefura, nikamtoa tena Lewys Glyn Cothi kabatini.

Huyu ni mshairi wa Wales, karne ya 15. Mwanawe Siôn alifariki akiwa na miaka mitano tu. Baba akamlilia kwa cywydd, bahari ya mishororo miwili miwili, kila mmoja mizani saba, isizidi wala isipungue. Kina cha mshororo mmoja kiangukie silabi yenye mkazo, cha mwenzake isiyo na mkazo. Juu ya hapo kuna cynghanedd, yaani kanuni ya kupatanisha sauti ndani ya mshororo, na aina yake moja inataka konsonanti za nusu ya kwanza ya mshororo zirudi, kwa mpangilio uleule, katika nusu ya pili. Mimi vina vya kati na vya mwisho tu huwa vinanitoa jasho.

Na ndani ya sharti lote hilo, mzee yule anasema nini? Anataja tofaa tamu, ndege, kokoto nyeupe, upinde wa kijiti cha mwiba, panga za mti zisizo imara. Vitu vya mtoto, basi. Mizani saba hazimwachii pa kupiga kelele kwamba moyo umevunjika, kwa hiyo analazimika kushika kitu kimoja kimoja mkononi na kukiangalia. Ndiyo maana shairi lile linaniuma kuliko maombolezo mengi niliyosikia yakisomwa kwa sauti ya kutetemeka.

Nakubali, shingo upande, kwamba kanuni zilitumika pia kufungia watu mlango. Mshairi Dafydd ab Edmwnd alizipanga upya bahari 24 za Wales kwenye mashindano ya mashairi mjini Carmarthen, karne hiyohiyo, akazifanya ngumu zaidi, na waliofaidika ni wale waliokwisha kufuzu. Sipendi. Lakini Gwerful Mechain, mshairi mwanamke, alizishika kanuni hizohizo akausifu mwili wa mwanamke bila kuficha neno. Na Llywelyn ap Gruffudd, mtawala wa Wales, alipouawa mwaka 1282, mshairi Gruffudd ab yr Ynad Coch alimlilia kwa mishororo zaidi ya mia moja, kina kimoja mwanzo hadi mwisho. Nani atasema hakuwa na uchungu?

Narudi kwa Siôn. Baba anakumbuka mtoto alivyoogopa filimbi, alivyoogopa zimwi, na alivyombembeleza mama ampe mpira mdogo: "Ymbil â'i fam am bêl fach." Usome kwa sauti. M, b, l, f. Kisha tena m, b, l, f, kama mtoto anayeomba, akanyimwa, akaomba tena.