Ukidai kitambulisho, kilete kwanza

Mei 2008, katika jimbo la Indiana nchini Marekani, masista wazee wa Kikatoliki waliovuka miaka 80, wengine 90, walikwenda kupiga kura wakarudishwa. Aliyewarudisha ni sista mwenzao wa shirika lilelile, aliyekuwa akisimamia kituo. Aliwafahamu vizuri. Lakini hawakuwa na kitambulisho cha serikali chenye picha ambacho muda wake haujaisha, na kwa sheria ile, kumfahamu mtu hakukutosha.

Siku 8 tu kabla ya hapo, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imeiidhinisha sheria hiyo kwa majaji 6 dhidi ya 3. Maoni makuu ya hukumu yalikiri kwamba kesi haikuwa na ushahidi wowote wa mtu kujifanya mpiga kura mwingine kituoni, katika historia nzima ya Indiana. Yaani masista walikosa kura kwa ajili ya kosa ambalo hakuna aliyeonyesha kuwa limewahi kutokea pale. Hilo linaniuma mpaka leo.

Sipingi kitambulisho. Wanaokitetea wana hoja: uchaguzi usioaminika huzaa ugomvi, na aliyeshindwa lazima aridhike kwamba ameshindwa kihalali. Ila kitambulisho cha mlangoni huzuia wizi wa aina moja tu, wa kujifanya fulani. Hakimgusi anayenunua kura wala anayechezea hesabu.

Tena tazameni ni kadi gani zinazokubaliwa. Sheria ya Texas ya mwaka 2011 ilikubali kibali cha kubeba bastola, ikakataa kitambulisho cha mwanafunzi wa chuo kikuu, hata chuo cha jimbo lenyewe. Mtunga sheria anayechagua hivyo anajua ni nani atakayekwama.

Wataniambia kadi hutolewa bure. Indiana pia ilikuwa bure, lakini kuipata kulihitaji cheti cha kuzaliwa, na cheti kililipiwa. Marekani ilipiga marufuku kodi ya kupigia kura katika uchaguzi wa shirikisho mwaka 1964. Sioni kwa nini ada ya cheti ihesabiwe kitu kingine.

Serikali inayotaka kadi na iipeleke nyumbani kwa mzee, ibebe gharama zote, na ikishindwa kumfikia, imwache apige kura kwa kiapo na sahihi yake.