Skrini nyeusi na takwimu za watu

Umeme ulikatika Mbarara Ijumaa jioni, picha za hadubini zikiwa njiani kwenda kwenye seva iliyoko Kampala. Gigabaiti 40. Mwenzangu alikuwa anaburuta folda zake kwa kipanya; Jumatatu alianza upya, maana hakujua faili lipi limefika zima na lipi limefika nusu. Mimi niliandika tena mstari uleule wa rsync, programu ya kunakili mafaili kwa amri za kuandika kwenye skrini nyeusi, wenye neno --partial linaloitunza nusu iliyokwisha kufika, kazi ikaendelea pale ilipokatikia. Anayenunua bando kwa pesa yake haelezwi mara mbili faida ya hapo.

Programu hiyo ipo tangu 1996, wala haina sura ya kuvutia. Lakini kwangu hoja kubwa si kuokoa bando. Amri ni maandishi: unaihifadhi, unamwonyesha msimamizi, unairudia mwakani. Ukifungua jedwali kwenye Excel, namba ya mshiriki 0042 inageuka 42 na hakuna anayejua nani aliigusa. Mwaka 2020 wataalamu wa majina ya jeni walitangaza kwamba wamebadilisha baadhi ya majina, kama SEPT1, kwa sababu programu za majedwali zilikuwa zikiyageuza kuwa tarehe. Ukitumia Git, programu inayotunza historia ya mafaili, au DataLad iliyojengwa juu yake, kila badiliko lililohifadhiwa lina saa na jina la aliyelifanya.

Sasa upande wa pili, ambao sisi wapenzi wa terminali, yaani hiyo skrini nyeusi ya amri, huwa tunaupita haraka. Huku hakuna kapu la taka. Kijana mmoja, makini kabisa, alitaka kunakili takwimu kwenye diski mpya kwa rsync. Akageuza mpangilio: diski tupu akaitanguliza kama chanzo, folda iliyojaa ikawa mwisho wa safari, na --delete, inayofuta kisichokuwemo kwenye chanzo, akaiweka. Kompyuta ikatii. Ikaifanya folda iliyojaa ifanane na diski tupu. Angeongeza -n ya kujaribu tu, pamoja na -v ya kuorodhesha, angeonyeshwa kwanza kitakachofutwa. Nakala ya wiki iliyotangulia ndiyo iliyotuokoa.

Tena miradi yetu mingi inaishi kwa ufadhili wa muda. Ufadhili ukiisha, mkataba wa mtu wa data nao unaisha, na yeye ndiye pekee aliyejua ile skrini. Anayebaki anakuta folda ya git-annex, nyongeza ya Git kwa mafaili makubwa, imejaa mafaili yasiyokubali kuhaririwa kwa sababu yamefungwa makusudi, anadhani yameharibika.

Ila linaloninyima usingizi zaidi ni lile lile tunalolisifia: kumbukumbu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda ya mwaka 2019 inampa mtu haki, katika hali fulani, ya kuomba taarifa zake zisahihishwe au zifutwe. Mama wa Kasese akijitoa kwenye utafiti na kuomba zake ziondolewe, unafuta safu yake, unahifadhi, folda inaonekana safi. Git bado anayo. Kuitoa kwenye historia yote kunawezekana, lakini ni kazi nzito, na nakala zilizokwisha kusambaa kwenye kompyuta za wengine hazijifuti. Kwa hiyo majina na namba za simu, kwa maoni yangu, yasiingie humo hata siku moja. Yakae kando, chini ya ufunguo mwingine.

Wala sioni sababu ya kumlazimisha muuguzi wa kituo cha afya ajifunze amri. Fomu ya kwenye simu inamtosha. Terminali ianze kazi takwimu zikishafika kwenye seva, na waijuao wawe wawili, si mmoja. Ofisini kwetu tumebandika karatasi ukutani, amri tatu na maelezo yake kwa Kiswahili. Ya kwanza ina -n, na tumeipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Aliyeipigia ni yule kijana.