Mbegu bila shamba: ruzuku ndogo na utafiti wa Lyme
Kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kinakadiria kuwa watu wapatao 476,000 hugunduliwa na kutibiwa ugonjwa wa Lyme nchini humo kila mwaka. Huenezwa na kupe, na bakteria wake ni wa jamii moja na wale wa homa ya papasi tunayoijua Afrika Mashariki. Ndiyo maana mjadala wa huko kuhusu ruzuku ndogo za utafiti, zile za mbegu za kuanzishia wazo, na kama zinatosha, unatuhusu hapa Nairobi.

NIH, taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa afya, kwa kawaida haitoi fedha nyingi kabla ya kuona matokeo ya awali, na matokeo ya awali hayapatikani bila fedha. Mashirika ya hisani kama Bay Area Lyme Foundation na Global Lyme Alliance huingia hapo. Tuseme mtafiti kijana anatafuta kipimo cha kugundua Lyme katika wiki za kwanza za maambukizi, wakati kingamwili bado ni chache mno kuonekana kwenye damu. Anapata cha kununulia vitendanishi, yaani kemikali za maabara, na kujaribu. Wazo likifeli, hasara ni ndogo. Likifaulu, ana cha kupeleka NIH. Hoja hii naikubali kabisa.

Lakini Lyme ina maswali yasiyojibika kwa fedha kidogo. Mgonjwa anayebaki na uchovu na maumivu baada ya tiba, aendelee na antibiotiki? Jaribio la Uholanzi lililochapishwa 2016, lenye wagonjwa 280, lilionyesha kwamba kuongeza wiki 12 za dawa hakukuwapa nafuu zaidi ya zile 2 za mwanzo. Utafiti mdogo wenye matokeo ya kuvutia, mgonjwa aliyekata tamaa huusoma kama tiba. Hilo linaniuma kuliko fedha zilizopotea.

Na sisi? Sheria yetu ya sayansi ya 2013 inataja asilimia 2 ya pato la taifa kwa utafiti. Hatujafika huko. Kwa hiyo mtafiti wa kupe wa Kabete au Kasarani akimaliza ruzuku yake ya mwaka, mara nyingi huanza kuomba nyingine ndogo. Chanjo ya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, iliyotoka Muguga, jirani tu na jiji hili, ilidai miaka mingi ya kazi isiyokatika.

Sipingi mbegu. Ninachotaka ni mfadhili anayeitoa Nairobi aandike mapema, ndani ya mkataba, ni nani ataipokea kazi ikichipua.