Robert Wise na dakika 40 za Ambersons

Machi 1942, studio ya RKO iliwaonyesha watazamaji wa majaribio mjini Pomona, California, filamu ya The Magnificent Ambersons. Wengi walichoka, wengine walicheka palipotakiwa machozi. Muongozaji wake, Orson Welles, alikuwa Brazil akipiga filamu nyingine. Aliyebaki na mkasi ni mhariri wake, Robert Wise, kijana wa miaka 27.

Zikakatwa dakika zaidi ya 40. Mwisho wa huzuni ukapigwa upya uwe wa faraja, na Wise mwenyewe akaongoza baadhi ya vipande vya kuziba mapengo. Mwaka 1944, filamu yake ya kwanza kama muongozaji ikatoka katika studio hiyohiyo.

Kwa wapenzi wa Welles huo ni usaliti mtupu. Mimi siendi mbali hivyo. Welles alikuwa amekwisha kuiachia studio haki ya uamuzi wa mwisho, na kama Wise angegoma, kazi ingeangukia mikononi mwa mtu asiyeijua filamu ile. Lakini hoja hiyo inatetea kukata tu. Kushika kamera na kupiga maonyesho ambayo mwenye filamu hakuyataka ni jambo jingine, na hapo sijaona utetezi wa kuniridhisha.

Shutuma ya pili ni kwamba Wise hakuwa na sauti yake. Alipiga filamu za kutisha, za ndondi, za viumbe wa anga za juu, kisha akachukua Oscar ya muongozaji bora kwa West Side Story (1961, pamoja na Jerome Robbins) na tena kwa The Sound of Music (1965). Utamtambuaje?

Mtambue kwa jinsi anavyoushika muda. Katika Citizen Kane, filamu ya Welles ya 1941 aliyoihariri yeye, ndoa nzima inapoa mezani, kifungua kinywa baada ya kifungua kinywa, ndani ya dakika chache. Katika The Set-Up (1949) aligeuza mbinu: hadithi ya bondia anayezeeka inachukua dakika 72, na filamu yenyewe ni dakika 72. Tunakaa naye chumba cha kubadilishia nguo, tunawaona wenzake wakitoka na kurudi wamevimba nyuso, na hakuna mkato wa kuruka muda utuokoe na kungoja kule. Mtu aliyejua kungoja namna hiyo alijua pia alichokuwa akikitoa katika Ambersons. Ndiyo maana namheshimu, na ndiyo maana bado zile dakika 40 zinaniuma.