Kubuni si Kudanganya

Katika shule niliyosomea hapa Kisumu, mwalimu aliikata kwa kalamu nyekundu sentensi yangu iliyosema kwamba ziwa lilikuwa limejifunika gugu-maji kama mgonjwa mwenye homa, kisha akaandika pembeni neno moja: "Umebuni." Mwenzangu, ambaye jua lake lilichomoza kwa madaha kama lilivyochomoza katika insha za nusu ya darasa, alisifiwa kwa ubunifu. Iliniuma, na ingali inaniuma, kwa sababu neno lilipotoshwa mara mbili kwa siku moja.

Kubuni ni kutunga jambo ambalo halikuwapo. Shahidi anayebuni ushahidi hulaaniwa na mtunzi wa hadithi za kubuni hupendwa, ingawa wote wawili hutumia uwezo uleule wa akili kuona kisichoonekana. Tofauti ni kwamba wa kwanza huficha kuwa ametunga, na wa pili hutualika tuone pamoja naye. Kuvumbua ni jambo jingine, maana mvumbuzi hukifikia kitu ambacho tayari kipo. Siku hizi, hata hivyo, ubunifu umebanwa ndani ya simu na programu za kompyuta, kana kwamba asiye na mashine hana cha kubuni.

Basi anayeamini hivyo na aende Obunga, mtaa wa hapa Kisumu. Viwanda huchukua minofu ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, na kubakiza kichwa, mifupa na mkia. Kuna mtu aliyeitazama mifupa ile akaona kitoweo, na leo kina mama huianika juani, huikaanga katika mafuta yanayochemka hadi mapezi yanakuwa makavu ya kutafunika, na huiuza kwa jina la mgongo wazi. Hebu lisikilize jina lenyewe! Ni maneno mawili tu, lakini hata ambaye hajawahi kukanyaga sokoni humwona samaki aliyevuliwa nyama yake. Kwangu mimi huo ndio ubunifu kamili, wa mlo na wa lugha kwa pamoja.

Nilifurahi mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, ulipouweka ubunifu miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi. Lakini mtoto akiendelea kutuzwa kwa misemo aliyoikariri, mtaala utabaki na jina tu.

Mwalimu wangu hakuniuliza nilichokiona. Ningemweleza kwamba alfajiri ile, nikiwa ufuoni Dunga, ukungu ulikuwa ukipanda polepole juu ya gugu-maji, kama mvuke unaotoka kwa mtu anayetokwa na jasho chini ya blanketi.